Udi Kwenye Shati, Nyuki Kwenye Ua

Vijana wangu, kabla sijawaambia lolote kuhusu maua, naomba mnuse nguo zenu.

Nuseni kola, nuseni mikono, nuseni na mfuko wa shati. Mkisikia marashi, manukato ya dukani, au hata ule moshi mtamu ambao mama zenu hufukizia kabati siku ya Ijumaa, rudini mkabadilishe. Ua mnalokwenda kuliangalia lina wageni wake. Wageni hao hawana pua kama yangu na yenu, lakini wananusa kutushinda, na wakikuta harufu wasiyoijua wanapitiliza. Mtakaa pale asubuhi nzima na karatasi yenu safi, mkidhani ua halipendwi, kumbe wasiopendwa ni ninyi.

Somo hili nililipata kwa aibu. Nitalifikia, lakini niacheni kwanza niwaambie raha ya kazi yenyewe, maana mkinijua kwa kosa langu tu mtadhani nilifanya kazi ya huzuni. Nilifanya kazi tamu kuliko zote. Nilikuwa mkusanya mimea.

Nilianza miaka ya sitini, nimetoka tu kumaliza kidato cha nne. Ofisi yetu ilikuwa na chumba kimoja Bagamoyo, kimejaa magazeti ya zamani na mbao za kubania mimea. Mkubwa wetu alikuwa Daktari Elinami, mtu wa bara, mpole, aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo na miwani minene na maswali mengi. Daktari ndiye aliyeniajiri. Lakini aliyenifundisha kazi ni Mzee Chande wa Mlingotini.

Mzee Chande hakusoma shule hata siku moja. Alisoma chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani, kama sisi wote wa pwani. Aliwahi kuwabebea mizigo wakusanyaji wa zamani, akawa anawatazama, na baada ya miaka mingi ya kutazama akajua mimea kuliko waliomtuma kuibeba. Alikuwa mfupi, mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri, na ulimi wake ulikuwa mkali kama kisu cha kukatia mizizi.

Wiki yangu ya kwanza alinituma kwenye dimbwi moja nje ya Makurunge, nikalete mmea wa majini wenye ua la manjano. Nikakunja suruali, nikaingia, nikachuma maua kumi mazuri, nikayabana gazetini, nikarudi nimevimba kichwa.

"Umeleta nini?" akaniuliza.

"Maua, Mzee."

"Na mmea wenyewe?"

"Umebaki majini."

Akayatazama yale maua, akanitazama mimi. "Athumani mwanangu, umekwenda kuposa binti, umerudi na ushungi wake."

Tukarudi dimbwini pamoja. Alichukua beseni la bati lenye maua mekundu pembeni, lile la kunawia mikono wageni, akateka maji nalo, kisha akaingiza viganja viwili chini ya mmea na kuuinua taratibu pamoja na maji yake, kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala. Nje ya maji mmea ule ni uzi uliolowa tu. Ndani ya beseni ukajitandaza. Akateleza karatasi ngumu chini yake, akaiinua upande mmoja kwanza, maji yakamwagika kidogo kidogo, na mmea ukabaki juu ya karatasi kila uzi mahali pake. Mpaka leo hakuna njia bora. Ukiwa na kamera ya gharama au huna, mmea wa majini uuvue kwa karatasi, usiuvute kwa kidole.

Halafu akanipa lenzi. Kwenye zile nyuzi kulikuwa na vifuko vidogo kuliko chembe ya mtama. Kazini tuliviita viriba, na mmea wenyewe tukauita hivyo hivyo. Kila kiriba kina mlango, na mlangoni kuna vinywele. Kijidudu cha majini kikigusa kinywele, mlango unafunguka kwa ndani, maji yanaingia kwa kishindo na kijidudu humo humo, mlango unajifunga. Jicho halioni. Unaona kijidudu kipo, kisha unaona hakipo.

"Sasa acha jikoni," Mzee Chande akasema, "njoo barazani."

Jikoni ni kule kwenye viriba, barazani ni kwenye ua. Vijana wangu, mkisahau yote niliyoandika humu, hili msilisahau. Ua la viriba linasimama juu ya kijiti chake, mbali na maji, na mdomo wake umefungwa. Mdomo wa chini umevimba katikati na kuziba njia, na nyuma yake una kijimkia kama ncha ya kiatu cha Kihindi. Humo mkiani ndimo asali ilimo. Nyuki akija anatua juu ya ule uvimbe, uzito wake unaushusha, mlango unafunguka, anaingiza kichwa. Kitu cha kwanza kumgusa mgongoni ni kijulimi chembamba kinachopokea chavua aliyotoka nayo kwenye ua jingine.

Mzee Chande akachukua jani jembamba la nyasi, akakigusa kile kijulimi. Kikajikunja. Pale pale, mbele ya macho yangu, ua lilijongea kama kope la jicho.

"Kwa nini linafanya hivyo?" nikauliza.

"Nyuki akiwa anaondoka anabeba chavua ya ua hili hili. Kijulimi kimeshajikunja, hakiguswi tena. Ua halitaki kujioa lenyewe kama lina mgeni."

Nilipiga magoti kwenye tope lile mpaka maji yakaingia mfukoni, nikigusa ua moja baada ya jingine, nikicheka peke yangu. Kina mama waliokuwa wakipalilia mpunga upande wa pili walisimama wakanitazama. Mmoja akamwuliza Mzee Chande kama kijana wake amepatwa na shetani.

"Hapana," akajibu. "Ameajiriwa."

Basi, huo ndio uliokuwa mwanzo. Sasa nije kwenye mmea mwingine, na kwenye lile jambo.

Kwenye mchanga wenye unyevu, masika yakiisha, huota kijimmea chekundu kilichojilaza chini, hakizidi mfuniko wa kikombe. Majani yake yana vinywele, na kila kinywele kina tone linalong'aa kama umande. Umande wa kweli jua likipanda hukauka. Huu haukauki, maana si umande, ni ulimbo. Mbu akitua hanasuki, jani linamkunjia vinywele polepole na kumla. Tuliuita kiumande.

Katikati ya majani hayo hupanda kijiti chembamba, shubiri nzima ya mkono kwenda juu, ncha yake imejiviringa kama mkia wa kinyonga, na juu yake maua ya waridi. Ua moja tu hufunguka kwa asubuhi moja. Jua likilipiga vizuri, saa tatu hivi, linafumbua petali zake tano, na saa sita linafunga, halifunguki tena maisha yake yote. Kesho ni zamu ya mwenzake wa pembeni.

Daktari Elinami alikuwa na swali lake juu ya kiumande, na swali hilo lilikuwa linamnyima usingizi. Alituuliza akiwa ameegemea gari:

"Mwenye nyumba huyu anakula wadudu. Na huyo huyo anahitaji wadudu wamletee chavua. Je, anawala wageni wake mwenyewe? Au ameinua ua juu hivyo ili wageni wapite mlango mwingine?"

"Wageni wake hawali," Mzee Chande akajibu mara moja. "Kuna vijinyuki vidogo vyeusi, havizidi punje ya mchele. Vinakuja saa tatu na nusu, vinatua uani, vinakusanya chavua, vinaondoka juu kwa juu. Majanini havishuki. Kule chini wanaonaswa ni mbu, visubi na sisimizi."

"Umeona mara ngapi?"

"Asubuhi nyingi, Daktari. Nimeandika."

Alikuwa na daftari dogo lenye jalada la kijani, alilolifunga kwa uzi. Akampa Daktari, naye akaona herufi za Kiarabu, akatabasamu kwa adabu, akalirudisha. Yeye hakuweza kuzisoma. Alitaka karatasi yenye mistari, saa upande mmoja na wadudu upande mwingine. Akasema Athumani ana kidato cha nne, Athumani atakaa asubuhi saba mfululizo na kuandika kila mdudu anayetua uani. Wao wawili wangekwenda upande wa Ubena kukusanya mimea mingine, na wakirudi tungelinganisha.

Nikakubali haraka haraka. Sikusema kwamba Alhamisi ya wiki ile nilikuwa naoa.

Msinicheke. Kiumande hakingoji harusi ya mtu. Mchanga ulikuwa unaanza kukauka, na baada ya wiki mbili maua yangekuwa yamekwisha. Nami sikutaka kazi hiyo apewe mwingine. Kwa hiyo harusi ikafungwa Alhamisi, nikaingia fungate nyumbani kwa wakwe zangu, na Ijumaa alfajiri nikamwambia somo wa mke wangu, yaani kungwi wake, bi mkubwa mmoja mwenye sauti ya kuamrisha, kwamba natoka kidogo kwenda kuangalia maua.

"Maua?" akasema. "Ua umeletewa ndani, wewe unakwenda kutafuta maua porini?"

"Ni kazi, bibi. Adhuhuri nitakuwa nimerudi."

Akamgeukia mke wangu, Mwanaidi. "Mwanangu, mumeo anatoka siku ya kwanza ya fungate. Asitoke kama mtu asiye na mke."

Mnajua maana yake. Shati langu liliinamishwa juu ya chetezo cha udi mpaka moshi ukaingia kwenye kila uzi. Nikanyunyiziwa marashi kwenye mabega. Mfukoni nikatiwa kikuba cha asumini na mrehani. Nilipopita sokoni na baiskeli, watu walikuwa wananigeukia kabla hawajaniona. Na kila alfajiri kwa siku saba ikawa hivyo hivyo, shati jipya, udi mpya.

Nilikuwa na furaha kama mfalme. Nilifika mchangani jua likiwa bado chini, nikachagua mahali pa kukaa ambapo upepo wa kusi unanipuliza mgongoni, kwa sababu ya ubaridi wake. Hapo nikafanya kosa la pili juu ya la kwanza. Mzee Chande alishanifundisha: kaa upande upepo unakokwenda, usikae unakotoka. Nikakaa unakotoka, nikapeperusha harufu ya chumba cha bibi arusi juu ya kila kiumande kilichokuwa pale.

Saa tatu maua yalifunguka. Saa tatu na nusu, hakuna mdudu. Saa nne, hakuna. Saa tano nzi mmoja alikuja, akatua kwenye mfuko wangu. Saa sita maua yakafunga. Nikaandika sifuri upande wa kulia kwa mkono mzuri, nikarudi kula biriani. Siku ya pili sifuri. Mpaka siku ya saba, sifuri saba zimesimama chini ya mstari kama mayai kwenye trei.

Na mimi nilifurahi. Nisameheni, lakini nawaambia kweli. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimegundua kitu kinyume na alichosema Mzee. Kijana akifika kazini, utamu wa kwanza anaoutafuta ni kumwona mkubwa wake amekosea.

Daktari na Mzee Chande waliporudi tulikaa ofisini, karatasi yangu mezani. Daktari aliitazama kwa muda. Kisha akatoa vitumba vikavu vya mbegu nilivyokusanya pale mchangani, akavipasua kwa wembe. Vilikuwa vimejaa mbegu, nyeusi na nyembamba.

"Hakuna mgeni hata mmoja, na mbegu zimejaa," akasema polepole. "Basi ua linapofunga saa sita, petali zinakandamiza chavua ndani kwa ndani. Linajitosheleza. Wageni si muhimu, na pengine hawapo kabisa."

"Kujitosheleza linajitosheleza," Mzee Chande akasema. "Mgeni asipokuja. Lakini wanakuja, Daktari. Linawangoja asubuhi nzima, ndiyo maana linafunguka. Ua lisilo na mgeni linajipambia nani?"

"Mzee wangu, karatasi ya siku saba inasema hawaji."

"Na daftari langu linasema wanakuja."

Daktari akanigeukia mimi. Hapo ndipo nilipokosea, vijana wangu. Si kwenye udi. Udi ulikuwa ujinga, na ujinga unasameheka. Hapo ndipo.

"Athumani, wewe unasoma hizi herufi. Daftari la Mzee lina nini?"

Nilikuwa nalijua daftari lile. Mzee alishanionyesha mwenyewe, tukiwa tumekaa kwenye mzizi tukila mihogo ya kuchoma. Lilikuwa na kila kitu, kwa Kiswahili safi cha herufi za Kiarabu: siku na mwezi wa mfunguo gani, jua lilivyokuwa, maua mangapi, nyuki wangapi, walikaa kwa muda wa kusoma Fatiha mara ngapi, maana saa hakuwa nayo. Lilikuwa kazi bora kuliko yangu.

Nikasema, "Ni mambo yake tu, Daktari. Dua na tarehe."

Mzee Chande alinitazama kama mtu anayetazama mmea aliodhani anaujua. Kisha akalifunga daftari kwa uzi wake, mizunguko mitatu, akalitia mfukoni mwa kanzu.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwa heshima kwamba kuanzia sasa kuangalia wadudu kutakuwa kazi ya Athumani, na yeye Mzee apumzike, abaki na mbao za kubania. Mzee Chande akaitikia. Siku iliyofuata hakuja. Wala siku ya tatu.

Fungate ilikuwa imekwisha. Mwanaidi akafua mashati yangu yote kwa sabuni ya mche, akayaanika juani mpaka yakakakamaa. Nilivaa moja nikaenda mchangani kung'oa vijiti nilivyochomeka kuhesabia maua. Sikuwa na haja ya kuangalia kitu. Maua yalikuwa yamebaki machache, ya mwisho kabisa. Niliinama kung'oa kijiti cha kwanza, na kitu cheusi kikapita karibu na sikio langu.

Kikatua uani.

Sikuwahi kuona kitu kizuri hivyo. Kijinyuki kidogo kama punje ya mchele, kama alivyosema. Kilizunguka katikati ya ua, miguu ikichapa stameni, chavua ya manjano ikijaa kwenye mapaja. Kikazunguka mara mbili, kikapanda hewani, kikaenda ua la pili. Kikaja kingine. Nilijilaza kifudifudi kwenye mchanga, kidevu chini, nikaona kila kitu kwa ubavu: kule juu karamu, kule chini mauti, na katikati yake shubiri moja ya hewa. Nyuki walikuja juu, wakaondoka juu. Hakuna aliyeshuka. Swali zima la Daktari lilijibiwa mbele ya pua yangu, nami sikuwa na kalamu.

Kisha nikajiuliza: kwa nini leo?

Nikanusa mkono wa shati langu. Sabuni na jua.

Nilipanda baiskeli nikakanyaga mpaka nyumbani kama mtu aliyefiwa. Shati moja la fungate lilikuwa limesahaulika nyuma ya mlango, halijafuliwa, bado linanuka chetezo. Nikalichukua, nikarudi mbio. Nikakata fito, nikalitundika upande upepo unakotoka, nikaenda kukaa upande wa pili. Nyuki walifika hadi hatua chache, wakayumba hewani, wakageuza. Nikaliondoa nikalifukia mchangani mbali. Nikangoja. Wakarudi. Nikalitundika tena, wakageuza tena. Nikarudia mara ya tatu, nikajawa na furaha, maana hilo lilikuwa jaribio langu la kwanza la kweli maishani, na lilikuwa linanithibitishia kwamba mimi ni mjinga.

Furaha ile ilidumu mpaka maua yalipofunga. Nikakaa pale na shati langu mapajani, na jambo la daftari likanijia.

Udi ningeweza kumwambia Daktari siku ile ile, angecheka. Lakini nikisema nyuki wanakuja, atauliza, "Kumbe Mzee alisema kweli? Na daftari lake?" Siku mbili nzima nilizunguka na baiskeli nikijitafutia njia ya kusema moja bila la pili. Nawaambia ili mjue: njia hiyo haipo. Nimeitafuta.

Siku ya tatu nikaenda Mlingotini. Mzee Chande alikuwa uani kwake anasuka ukindu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu, bwana arusi. Kaa."

Nikakaa mkekani. Nikamweleza yote ya shati: chetezo, marashi, kikuba, upepo wa mgongoni, nzi aliyetua mfukoni. Alianza kucheka kwenye kikuba. Nilipofika kwenye shati lililotundikwa kwenye fito alikuwa amelala chali, machozi yanamtoka, anamwita mkewe aje asikie.

"Mama Zuhura, njoo. Huyu kaenda kuwaposa nyuki."

Mkewe akaja, akasikia, akacheka kwa kanga mdomoni. Nami nikacheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote, nikidhani yamekwisha.

Mzee Chande akafuta macho, akachukua tena ukindu wake.

"Na daftari?" akaniuliza. "Nalo lilinuka udi?"

Mkewe akaacha kucheka. Nikasema, "Nilidanganya, Mzee. Nililijua lilichonacho. Niliogopa karatasi yangu kushindwa."

Akasuka mistari miwili, mitatu.

"Unaomba radhi wapi?" akasema mwishowe. "Hapa kwangu? Mimi sikudanganywa. Uliyemdanganya yuko Bagamoyo."

Tuliondoka pamoja asubuhi iliyofuata. Ofisini nilisimama mbele ya Daktari Elinami, nikaichukua ile karatasi yangu ya sifuri saba, nikaandika juu yake kwa wino mwekundu: *Isitumike. Mwangalizi alijifukiza udi.* Kisha nikamwambia la pili, nikimtazama usoni. Daktari alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu. Hakunifukuza kazi. Wakati mwingine natamani angenifukuza, pengine jambo lile lingenitoka moyoni mapema.

Alisema tu, "Mzee wangu, naomba nisikie daftari lako."

Nikanyoosha mkono kulipokea, nilisome. Ndiyo ilikuwa kazi yangu, mimi ndiye niliyekuwa najua herufi za aina zote mbili. Mzee Chande akafungua uzi, mizunguko mitatu. Hakunipa. Alivaa miwani yake iliyofungwa kwa waya, akaliweka magotini mwake, akaanza kusoma mwenyewe, kwa sauti ile ya chuoni ya kuvuta mwisho wa mstari, na akanionyesha kalamu iliyokuwa mezani.

Nikaandika. Siku kumi na nne za nyuki, kwa herufi za kizungu, mstari kwa mstari. Tulipofikia siku moja aliyoandika, "Leo mawingu, ua limekataa kufunguka, nyuki wamekuja wakaondoka na aibu yao," Daktari aliruka kitini, akataka lirudiwe.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingine mingi baada ya hapo, madimbwini na michangani, mpaka magoti yake yalipokataa. Alinifundisha vitu ambavyo mpaka leo sijavikuta kitabuni. Alinitania mbele ya watu juu ya udi kila tulipopita harusini. Nyumbani kwake nilikula kama mtoto wa nyumba. Na kila jioni ya kazi tulikaa hivyo hivyo, yeye na daftari magotini, mimi na kalamu. Hakunipa daftari lile mkononi tena.

Akimaliza mstari alikuwa ananitazama juu ya miwani.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Mzee."

"Nisomee."